Kupamba Picha ya Farasi wa Kuuzwa: Je, ni Pambo au ni Ghishi?

Katika darasa letu liliulizwa suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana ni la watu wa mbali wala halituhusu sisi watu wa pwani. Lakini tulipolipekua tuliliona limegusa shina la amana katika biashara. Suala lenyewe ni hili. Mtu kazi yake ni kupiga picha za farasi wanaotiwa sokoni. Mwenye farasi humwita na kumpa ujira wake, na picha zikisha kuwa tayari huchapishwa katika kitabu cha mnada au hupelekewa wanunuzi walio nchi nyingine. Mpiga picha huyu ana kompyuta, na kwa kompyuta aweza kuifuta kamba aliyoshikwa nayo farasi, aweza kumfuta inzi aliyetua karibu na jicho, na aweza pia kuunyosha mguu uliopinda. Je, mpaka uko wapi? Lini pambo hubaki pambo, na lini hugeuka ghishi?

Twalijibu kwa urefu kidogo, kwani wengi hukimbilia jawabu mbili nyepesi, na zote mbili zina kasoro. Wako wasemao kwamba picha yoyote iliyotiwa mkono ni uwongo. Na wako wasemao kwamba biashara ni biashara, na kila mwenye kuuza hupamba chake. Wa kwanza wamekaza pasipo haja, na wa pili wamelegeza pasipo haki.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe ilivyo. Farasi wa thamani huuzwa katika minada mikubwa, kama ile ya Tattersalls huko Newmarket, Uingereza, nyumba iliyoasisiwa mwaka 1766, na ile ya Keeneland huko Kentucky, Marekani. Wengine wengi huuzwa mtu kwa mtu, kwa matangazo. Mnunuzi mwenye nafasi huenda mwenyewe, akamwona farasi akitembezwa mbele yake, akampapasa miguu. Asiye na nafasi hana ila picha. Na mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga njia, hata wenye nafasi waliipoteza: mnada mkubwa wa Pasaka wa watoto wa farasi wa kampuni ya Inglis, huko Sydney, Australia, uliendeshwa kwa mtandao mwezi wa Aprili mwaka huo, na fedha nyingi zikatolewa na watu waliokuwa majumbani mwao.

Picha ya kuuzia farasi si picha ya kutundikwa ukutani. Farasi husimamishwa ubavu, juu ya ardhi iliyo sawa, miguu yake yote minne ionekane, na masikio yawe yameelekea mbele. Kamera huwekwa mbali kidogo, kwa kimo cha katikati ya ubavu wake. Kila sharti lina sababu yake. Kamera ikikaribia mno upande wa kichwa, kichwa huonekana kikubwa na kiwiliwili huonekana kimenyauka nyuma yake. Farasi akisimamishwa mahali penye mwinamo, miguu ya mbele ikiwa juu, mabega huonekana yameinuka kuliko yalivyo. Mjuzi huitazama picha hiyo kama tabibu amtazamavyo mgonjwa: hupima pembe ya bega, urefu wa mgongo, unene wa mfupa ulio chini ya goti, mwelekeo wa kwato, na goti lenyewe kama limekaa katika mstari wake au limerudi nyuma. Goti lililorudi nyuma huhofiwa sana na watu wa mbio, kwa kuwa mguu wa namna hiyo hubeba taabu zaidi farasi akienda kasi. Basi ndugu msomaji, fikiri: mstari ukisogezwa katika picha kwa upana wa nywele chache tu, hukumu ya mjuzi hugeuka, na bei hugeuka pamoja nayo.

Na ajabu ni kwamba kamera iliingia katika mambo ya farasi kwa kazi ya ushahidi. Kwa karne nyingi wachoraji walimchora farasi anayekwenda shoti miguu ya mbele imenyooka mbele na ya nyuma imenyooka nyuma, kama kwamba anaelea hewani. Tajiri mmoja wa California, Leland Stanford, alitaka kuujua ukweli, akamtumia mpiga picha Eadweard Muybridge. Mwaka 1877 Muybridge alitoa picha ya farasi aitwaye Occident. Lakini picha ile ilikuwa imepitiwa kwa mkono wa mchoraji, na watu wakaitilia shaka. Mwezi wa Juni mwaka 1878, huko Palo Alto, akapanga kamera 12 kando ya njia, na waandishi wa magazeti wakaalikwa kushuhudia. Farasi jike aitwaye Sallie Gardner akapita mbio, na ukanda wa tandiko lake ukakatika njiani. Picha ziliposafishwa, ukanda ule uliokatika ukaonekana umo, na waliokuwapo wakajua kwamba walichopewa ndicho walichokiona. Na humo ndimo ilimothibiti kwamba farasi anapokuwa hewani miguu yake yote huwa imekunjika chini ya tumbo, kinyume cha walivyochora wachoraji wote.

Tuzingatie hapa. Picha ya kwanza ilisafishwa, ikakataliwa. Ya pili iliachwa na kasoro yake, ikaaminiwa. Ukanda uliokatika, ambao mtu wa leo angeufuta bila ya kufikiri, ndio uliokuwa shahidi wa ukweli wa picha nzima. Miaka 112 baadaye, mwaka 1990, ikatoka programu ya Photoshop, na kazi iliyohitaji brashi na ufundi wa siku nyingi ikawa kazi ya dakika chache. Leo wala haihitaji ufundi. Mtu huiamrisha mashine kwa maneno, ikamfanyia.

Lakini chombo ndicho kipya; hila ni ya zamani. Umri wa farasi hujulikana kwa meno yake, kwani vishimo vya meno ya mbele husagika kadiri miaka inavyopita. Madalali wadanganyifu wa Uingereza ya kale walikuwa wakiyachonga meno ya farasi mzee, wakatia vishimo vya uwongo na kuviunguza viwe vyeusi, ili mzee auzwe kwa bei ya kijana. Na katika Bara Arabu walikuwako waliowafunga chuchu ngamia na kondoo siku kadhaa kabla ya soko, maziwa yakajikusanya, mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa tele. Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, na akampa aliyenunua, akisha kukama, khiyari ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende.

Katika hukumu hiyo mna fundisho ambalo ndilo msingi wa jawabu letu. Yule aliyefunga chuchu hakusema neno la uwongo. Hakuapa wala hakutaja idadi ya vibaba. Alinyamaza, akaliacha jicho la mnunuzi lijidanganye lenyewe. Na sharia haikusema kwamba jicho ni lake na kosa ni lake. Ilisema kwamba aliyeliandalia jicho uwongo ndiye mwongo. Basi picha iliyonyoshwa mguu ni chuchu iliyofungwa.

Na fundisho la pili liko katika kisa mashuhuri cha mwenye chungu ya nafaka sokoni. Mtume (S.A.W.) aliutia mkono wake ndani ya chungu ile, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akasema kwamba ni mvua iliyoinyea. Naye akamuuliza kwa nini hakuuweka umaji ule juu, watu wakauona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika jamaa yake. Tazama vizuri: mvua haikuwa kosa la mwuzaji. Kadhalika mguu uliopinda si kosa la mwenye farasi. Ni maumbile, na hapana anayemlaumu kwa maumbile. Lawama haiko katika aibu ya bidhaa, iko katika kuifunika.

Sasa twaingia katika kiini cha suala. Sisi wa pwani wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu haya kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu kisichopata kuonwa hakusihi. Mahanafi wameijuzisha biashara hiyo, lakini wakampa mnunuzi khiyari siku atakapokiona. Wengine wamejuzisha kwa sifa, kwa sharti sifa ziwe kweli. Wamekhitilafiana katika njia, lakini wote wanakikimbia kitu kimoja, nacho ni mtu kutoa mali yake hali amefumbwa macho. Kile ambacho Waswahili hukiita kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Hatutoi fatwa hapa kama picha yatosha kuwa ni kuona au haitoshi. Hilo twawaachia wenyewe. Twasema tu kwamba kwa desturi ya leo mnunuzi aliye mbali huifanya picha kuwa jicho lake. Ameazima jicho la mpiga picha. Na mwenye kuazimwa jicho si mpambaji tena, amekuwa shahidi. Mpambaji huulizwa kama kazi yake ni nzuri, na shahidi huulizwa kama kazi yake ni kweli.

Tukisha kulikubali hilo, mpaka hujichora wenyewe. Mambo ya kutengenezwa katika picha yako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yasiyokuwa farasi: kamba, ndoo iliyosahauliwa nyuma, nyaya za umeme, kivuli cha saisi aliyemshika. Kuyafuta hayo hakuna ubaya, kwa sababu mnunuzi hayanunui. Na Kurani tukufu, katika Sura ya Nahl, imewataja farasi kuwa ni vipando na kuwa ni pambo. Basi uzuri wao si haramu kuuonyesha.

Fungu la pili ni yale yaliyo juu ya farasi lakini si yake: tope kwenye kwato, inzi, unyasi ulioshikamana na nywele za shingo. Haya nayo yana ruhusa, kwani maji na brashi vingeyaondoa saa ile ile. Lakini bora zaidi ni kumwosha farasi kabla ya kumpiga picha. Mwenye kumwosha kwa maji hahitaji kumwosha kwa kompyuta.

Fungu la tatu ni farasi mwenyewe: mfupa wake, misuli yake, mgongo wake, rangi yake, makovu yake, mbavu zake zinazoonekana kwa kukonda, uvimbe ulio kwenye mguu. Hapa pana marufuku, dogo lake na kubwa lake. Na asiseme mtu kwamba kovu ni dogo, kwani huenda kovu hilo ndilo litakalomfanya mnunuzi aulize ni jeraha gani lililokuwapo, na suala hilo ndilo litakalomwokoa.

Katika fungu hili huingia pia hila zisizohitaji kompyuta. Kuchagua mwinamo ili bega liinuke, kuufunika mguu mbovu kwa majani marefu, kutoa picha ya miaka miwili nyuma farasi alipokuwa na afya: hizi zote ni ghishi, ijapokuwa hapana hata nukta moja ya picha iliyoguswa. Na mafakihi wetu wamesema kwamba kuona kwa zamani hutosha tu kwa kitu ambacho kwa desturi hakibadiliki katika muda huo. Na hapana shaka kwamba mwili wa mnyama hubadilika.

Na mwenye kutatizwa na jambo lisiloingia wazi katika mafungu haya, basi ajiulize suala moja: siku farasi atakaposhushwa garini mbele ya mnunuzi, naye mnunuzi ameishika picha mkononi, je, atamtambua? Ikiwa kitu ulichokifuta hakitaonekana siku ile, umepamba. Ikiwa kitaonekana, umeghushi.

Mtu aweza kusema: kila mtu ajua kwamba picha za biashara hupambwa, kwa hivyo hapana anayedanganyika. Twamjibu: lau kama hapana anayedanganyika, hapana angelipa ujira wa kuunyosha mguu. Mwenye farasi hulipa kwa sababu anatumai kwamba yuko atakayeamini. Hoja hii hujivunja yenyewe.

Mwingine atasema: mnunuzi ana haki ya kumleta daktari wa wanyama, ampime farasi na kumpiga eksirei, akizembea, ni shauri lake. Twamjibu kwamba ni kweli mnunuzi yampasa kujihadhari, lakini uzembe wa mwenye nyumba haumhalalishii mwizi. Tena kumleta daktari ni gharama, na mtu huamua kuitoa gharama hiyo au kutoitoa kwa kuitazama picha. Aliyeighushi picha ameanza kumla mnunuzi kabla hata ya mauzo. Wala sharia za serikali haziko mbali na haya: sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, iliyofuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, hukiwekea kitu kilichouzwa kwa sifa sharti la kulingana na sifa zake.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye kustahili huruma, ni mpiga picha mwenyewe. Atasema: mimi si mwuzaji. Nimeajiriwa, nikikataa, mwenye farasi atamwita mwingine, nami nina watoto wa kulisha. Twamwambia kwa upole: ndugu yetu, mafakihi wa Kishafi wamebainisha kwamba wajibu wa kuitaja aibu ya bidhaa si wa mwuzaji peke yake, hata mtu wa nje aijuaye aibu yampasa kumwambia mnunuzi. Ikiwa aliyesimama kando na kunyamaza ana dhima, basi itakuwaje kwa aliyeifuta kwa mkono wake? Nawe ulikuwa umeliona goti lile kwa karibu kuliko mtu yeyote.

Imepokewa kwamba sahaba Jarir bin Abdillah alimtuma mtumishi wake amnunulie farasi, akapatana na mwenyewe kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi alimwendea mwuzaji, akamwambia kwamba farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa anamwongezea mia baada ya mia mpaka zikafika 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Huyo alikuwa mnunuzi, na hapana aliyemlazimisha. Alikataa kufaidika kwa ujinga wa mwenziwe, ijapokuwa ujinga ule hakuusababisha yeye. Sisi hatumtaki mpiga picha afikie daraja hiyo. Twamtaka tu asiuzalishe ujinga.

Na dhara ya jambo hili haiishii kwa fedha. Picha hununuliwa na baba anayemtafutia binti yake farasi wa kujifundishia. Akiletewa mwenye mguu dhaifu aliyefichwa, atakayeanguka ni mtoto. Na yuko mwingine asiyekuwa na ulimi, naye ni farasi. Aliyenunuliwa kwa kazi asiyoiweza hutiwa katika kazi ile ile, kwa kuwa picha ilisema anaiweza; akishindwa huuzwa tena, na kila mkono mpya huwa na huruma pungufu kuliko wa kabla yake. Zaidi ya hayo, picha hufundisha jicho la watu nini wakitake. Mwaka 2017 zilienea picha za mtoto wa farasi wa Kiarabu wa Marekani ambaye uso wake umebonyea kupita kiasi, kwa kuwa wafugaji wa aina hiyo wanaupenda ubonyeo huo. Na wataalamu wa maradhi ya wanyama wakaonya kwamba umbo la namna ile huenda likambana mnyama pumzi. Hatusemi kwamba picha zile zilighushiwa. Twasema kwamba macho ya wanunuzi yakizoezwa kuyaona maumbo yasiyokuwapo, wafugaji watajitahidi kuyaleta, na atakayelipa ni kiumbe mwenye pua.

Basi lifanywe nini? Kwanza, mpiga picha amweleze mwenye farasi sharti lake kabla ya kutoa kamera, si baada ya kupokea ujira: nitasafisha pahala, sitaugusa mwili. Pili, aiweke picha ya asili, na mnunuzi akiitaka apewe. Tatu, picha yoyote iliyotiwa mkono iandikwe hivyo chini yake. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, tangazo lenye picha ya mwanamitindo ambaye umbo lake limepunguzwa au limenenepeshwa kwa kompyuta lazima liseme kwamba picha imetengenezwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu ambaye hauzwi, basi mnyama auzwaye ana haki zaidi ya tamko hilo.

Tumesema mwanzoni kwamba suala hili huonekana ni la watu wa mbali. Sasa natutazame kwetu. Magari mangapi hushuka bandarini Mombasa kutoka Japani, ambayo mwenye kuyanunua hakuyaona ila katika picha? Na mbuzi wangapi wa Idi huuzwa leo kwa picha ya simu, amesimamishwa mahali pa juu ili aonekane mnene? Mwenye duka la nguo, mwenye nyumba ya kupangisha, na dalali wa viwanja, wote wamekuwa wapiga picha, na wote wameazimwa macho na watu wasiowaona.

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaongeza kwamba kibaya kikielezwa ubaya wake nacho hupata mwenyewe, kwa bei yake. Farasi mwenye goti bovu asiyefaa kwa mbio huenda akamfaa mzee apendaye kupanda polepole jioni. Lakini mzee huyo hatampata kamwe, ikiwa picha imekwisha kumpeleka kwa mtu wa mbio.